Fimbo haijaondoka shuleni. Aliyeondoka ni mtu mzima aliyekuwa anamjua mtoto

Mzawa wa Kirumba

Wakuu, habari za Jumapili.

Wiki hii kundi la wazazi la shule anayosoma mwanangu hapa Mwanza limewaka moto. Mwanafunzi wa darasa la saba alimjibu mwalimu vibaya mbele ya wenzake, na kufikia saa mbili usiku ujumbe ulikuwa umejaa: watoto wa siku hizi wameharibika, haki za mtoto zimetuletea balaa, mcha mwana kulia hulia yeye, turudishe fimbo, sisi tulichapwa na tukawa watu. Nimesoma wote. Naleta hoja huku kwa sababu jambo lenyewe linahitaji maelezo marefu.

Kwanza tuelewane. Fimbo haijawahi kufutwa katika shule za Tanzania bara. Kanuni za mwaka 2002 chini ya Sheria ya Elimu ya 1978 zinairuhusu, ila kwa masharti. Viboko visizidi vinne. Achape mwalimu mkuu, au mwalimu aliyepewa naye idhini kwa maandishi. Liwe kosa kubwa la nidhamu. Ichapwe mikononi au makalioni juu ya nguo, kwa fimbo nyepesi, si kwa kifaa kingine na si sehemu nyingine ya mwili. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, labda shule iwe haina. Na kila adhabu iandikwe kitabuni: nani, kosa gani, vingapi, nani kachapa. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inakataza ukatili lakini haikuifunga kabisa njia ya kumwadhibu mtoto kwa kiasi.

Sasa anayesema "turudishe fimbo" anataka irudi kutoka wapi? Pita shule yoyote asubuhi kengele ikishalia, uangalie waliochelewa wanafanywa nini. Mwalimu wa zamu anachapa foleni nzima, na hiyo idhini ya maandishi hakuna aliyewahi kuiona. Nimesoma Igogo, nimesoma Kirumba, nina ndugu walimu Sengerema na Magu, na kitabu cha adhabu nimekisikia kwenye kanuni tu.

Kwa hiyo kama watoto wamebadilika, sababu si kukosa fimbo. Fimbo ipo. Tutafute kitu kingine kilichoondoka.

Baba yangu alisoma miaka ya 50, shule ya misheni upande wa Magu. Yeye na kaka yake walikuwa wanapokezana, mmoja shule, mmoja ng'ombe, hadi babu alipokubali wote wawili waende. Walichapwa, tena sana. Ukimsikiliza baba anavyosimulia, mwalimu yule alikuwa anaishi umbali wa kutupa jiwe kutoka kwao. Alikuja kula kwao wakati wa mavuno. Alijua nani kalala njaa, nani mama yake kafiwa, nani ng'ombe wao wamevamia shamba la jirani jana usiku. Baba hasemi kwamba fimbo ile ilikuwa nzuri. Anasema mwalimu alikuwa "wa kwetu".

Mimi nimeingia darasa la kwanza miaka ya 80. Wa rika langu mnakumbuka: kidumu cha maji mkono mmoja, fagio mkono mwingine, kuwahi namba, mchakamchaka kabla jua halijachomoza vizuri, halafu mstarini kukaguliwa kucha. Ukichelewa, viboko. Ukikosa hesabu, viboko. Kiranja akiandika jina lako ubaoni kwamba umepiga kelele, viboko, hata kama kakuandika kwa sababu ulimnyima muwa.

Na ziwa. Tulikatazwa kwenda kuoga ziwani kwa sababu ya kichocho na kwa sababu kila mwaka kulikuwa na mtoto aliyezama. Tulienda vilevile. Ukirudi nyumbani mama hakuulizi kitu. Anakushika mkono, anaupitisha ukucha wa kidole gumba kwenye ngozi yako kutoka kiwikoni kushuka chini. Ngozi iliyokauka kwa maji ya ziwa inatoa mstari mweupe kama wa chaki. Ukionekana huo mstari, kesi imekwisha. Tuliobobea tulikuwa tunaficha mafuta ya kula kwenye kichupa, tunajipaka kabla ya kufika mtaani. Akina mama nao wakaanza kunusa.

Sikumbushii hayo kwa ajili ya kufurahi tu. Yule aliyekukwaruza hakuwa mama yako peke yake. Alikuwa mama mwenye genge, alikuwa mzee fundi baiskeli, alikuwa yeyote. Aliweza kukuchapa kwa sababu jioni yake angekupa ugali na sato kama mama yako hajarudi kutoka mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki. Alikuwa na haki kwako kwa kuwa alikuwa na wajibu kwako.

Mwanangu anachukuliwa na bodaboda saa kumi na mbili kasoro. Anarudi jua linazama, ana twisheni, ana kazi za nyumbani, analala. Majirani zetu hawajui jina lake. Siwalaumu, na mimi wa kwao siwajui. Darasani wapo wengi kiasi kwamba mwalimu wake alinieleza habari za mtoto mwingine kabisa, kwa upole, kwa dakika kadhaa, mpaka nikaona haya kumkatiza.

Fimbo ya mwalimu wa baba na fimbo ya leo zinaweza kuwa zimekatwa mti mmoja. Mikono ndiyo tofauti. Leo mtoto anachapwa na mtu asiyemjua.

Halafu hilo la "tulichapwa na tukawa watu". Sisi gani? Tunaoandika hapa ni tuliobaki. Darasa la kwanza tulikuwa tumejaa mikondo miwili. Darasa la saba tulikuwa mkondo mmoja, tena na nafasi za kukaa. Wale wengine hawakufa. Walienda kuvuta kokoro, ule wavu mkubwa unaovutwa kutoka ufukweni. Kwetu huku kanda ya ziwa mtoto anayeogopa shule ana mahali pa kwenda: ufukweni kuna kamba ya nyavu inasubiri mikono, ukivuta unapewa samaki, ukiuza una hela leo hiihii. Wengine walienda kumwaga maji kwenye mitumbwi, wengine visiwani, kwenye kambi. Nilikaa dawati moja na kijana aliyekuwa anatushinda sote hesabu za kichwa. Alikuwa na kigugumizi. Alikuwa anachapwa kwa kutojibu haraka. Darasa la tano hakurudi. Sijawahi kumsikia akialikwa kwenye mjadala wowote kueleza kama fimbo ilimjenga.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Karibuni, hasa walimu. Tujadiliane bila matusi.

---

Mwalimu wa Kisiwani

Mkuu, nimekusoma. Nafundisha shule ya msingi Ukerewe, miaka mingi sasa. Naomba nikujibu bila kupaka mafuta.

Ninyi wazazi ndio wa kwanza kutuletea fimbo. Mama anamleta mtoto ofisini: mwalimu, huyu kanishinda, kaiba hela ya dagaa, mchapeni. Kosa limetendeka nyumbani, adhabu inatakiwa shuleni. Ukimwambia mama kaa tuzungumze na mtoto, anakuona mwalimu dhaifu.

La pili, idadi. Tangu ada na michango ilipofutwa mwaka 2016 watoto wameingia kwa wingi, jambo ambalo mimi nalishukuru, maana wapo waliokuwa wanabaki nyumbani kwa kukosa elfu kumi. Lakini vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo. Darasani kwangu wamezidi mia. Wanakaa wanne dawati la watatu, wengine sakafuni. Nikigeuka ubaoni kuandika, nyuma yangu ni soko. Unaniambia nimjue kila mmoja? Natamani. Daftari za somo moja nikizisahihisha zote, usiku umekwisha.

Fimbo ni njia ya haraka ya mtu aliyezidiwa. Siisifii. Nakueleza inavyofanya kazi.

---

Mama Wawili Nyegezi

Mwalimu, pole na kazi, na nakuheshimu kwa kusema wazi. Lakini acha niseme upande wa mtoto.

Binti yangu yuko darasa la nne. Darasa la nne lina mtihani wa taifa, kwa hiyo wanaingia kabla hakujapambazuka na kuna jaribio kila Alhamisi. Kila swali alilokosa, fimbo moja ya kiganja. Akikosa kumi, kumi. Wapi vinne vya kanuni? Wapi kosa la nidhamu? Kukosa jibu la sayansi ni utovu wa nidhamu?

Kila Jumatano usiku tumbo linamuuma. Nilimpeleka hospitali, akapimwa, hakuna ugonjwa. Nikaanza kuhesabu siku, nikaelewa. Nilipoenda shuleni niliambiwa kwamba wastani wa shule umepanda na wazazi wengine wanashukuru.

Na michezo yetu ya utotoni, kombolela, rede na ukuti ukuti: watoto wangu hawaijui. Uwanja tuliochezea sisi una nyumba tatu na ukuta. Barabarani ni bajaji. Jumamosi ni twisheni. Simu wanayo, ndiyo, na mimi ndiye niliyewapa, kwa sababu nikiwa kazini nataka wawe ndani, wawe salama. Mtu akiniambia watoto wa siku hizi hawana adabu kwa sababu ya simu, namuuliza tu waende wapi wakacheze.

Jirani yangu alimpeleka bweni mtoto wa miaka sita. Serikali ilipozuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne mwaka 2023, alilalamika sana kwamba hana wa kumwachia. Alikuwa anasema kweli. Bibi yuko Misungwi, baba yuko safarini, jirani ndio sisi tusiojuana. Mzawa wa Kirumba kagusa penyewe.

---

Mzee wa Mara

Nawasalimu vijana wangu.

Nimesoma, nikaona niongeze historia kidogo, maana mnaongea kama vile darasa la watoto mia limeanza juzi.

Novemba 1974 TANU ilikutana kwetu Musoma. Likatoka Azimio la Musoma: kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo 1977. Ada ya msingi ilikuwa imekwisha kuondolewa. Wakati huohuo watu walikuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa. Ghafla watoto wakawa wengi, walimu hakuna. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa ualimu kwa muda huku wanafundisha, tukawaita walimu wa UPE, yaani wa mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Madarasa yalikuwa chini ya mwembe, zamu ya asubuhi na zamu ya mchana. Niliona kwa macho yangu.

Lilikuwa jambo kubwa na jema. Mimi wadogo zangu wa kike walisoma kwa ajili ya azimio lile. Lakini nawaambia fimbo iliongezeka pale. Kijana wa miaka kumi na minane, hana mafunzo ya kutosha, ana watoto themanini, wengine wanamkaribia umri. Atatawala kwa nini? Mwalimu aliyenifundisha mimi kabla ya hapo alichapa mara chache kwa sababu sauti yake ilitosha, na ilitosha kwa sababu tulikuwa thelathini na alitufahamu.

Mwalimu wa Kisiwani asionekane mkosaji. Yuko palepale walipokuwa wale vijana, amesoma zaidi yao tu.

---

Mwana Kisumu

Habari zenu majirani wa upande ule wa ziwa.

Huku Kenya viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Katiba ya 2010 ikaja ikasema hakuna mtu wa kuadhibiwa kimwili, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikarudia. Uganda nao wameandika kwenye sheria mwaka 2016. Kwa hiyo katika nchi tatu zinazonywa maji ya ziwa hili, Tanzania ndiyo imebaki na fimbo ya kisheria.

Lakini nisiwadanganye. Huku bado watoto wanachapwa. Mwalimu anaficha, mzazi ananyamaza. Kilichobadilika ni hiki: mwanangu anajua ni kosa. Aliniambia mwenyewe, "Baba, mwalimu haruhusiwi." Nilipofika shuleni mwalimu mkuu hakubishana nami, aliomba msamaha, kwa kuwa alijua sheria iko upande wa nani. Na namba 116 ya msaada kwa mtoto iko kwetu na iko kwenu pia. Msiseme marufuku haina maana kwa sababu wapo wanaoivunja.

---

Mzawa wa Kirumba

Mzee wa Mara, shikamoo. Umenifungulia mlango ambao sikuuona: kila mara tumefungua shule kwa wote, jambo la haki kabisa, tukasahau kuongeza watu wazima. 1974 hivyo, 2016 hivyo. Pengo likajazwa na fimbo.

Mwana Kisumu, asante. Watu wa huku tunakumbuka Bukoba mwaka 2018. Mtoto wa darasa la tano alichapwa akafa, akituhumiwa wizi wa mkoba wa mwalimu. Mahakama Kuu ikatoa hukumu ya kunyongwa kwa mwalimu aliyechapa. Nchi nzima ililia wiki mbili, kisha tukarudi kwenye "tulichapwa na tukawa watu". Mimi sitaki tuwasubiri wengine wa namna hiyo. Mtoto yule alikuwa wa ziwa hili hili.

Mwalimu wa Kisiwani, nakubali kwamba wazazi tunawaletea fimbo. Swali langu kwako: hao wanaochelewa kila siku, unawafahamu ni kina nani?

---

Mwalimu wa Kisiwani

Umeuliza swali zuri, nitakujibu kwa kirefu.

Mwaka juzi nilipewa zamu ya mahudhurio. Nilikuwa naandika waliochelewa, sio jina tu, na tarehe. Baada ya miezi kadhaa nikaona kitu. Wavulana walewale wanachelewa siku kumi, kumi na mbili mfululizo, halafu wiki nzima wanawahi vizuri, halafu wanachelewa tena. Nikadhani ni ukaidi. Kumbe ni mwezi.

Wa kisiwani mnajua. Dagaa wanavuliwa wakati wa giza, mwezi usipokuwepo, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika. Kipindi cha giza mitumbwi inafika alfajiri, na watoto wanatakiwa mwaloni kubeba ndoo na kuanika dagaa kabla jua halijawa kali. Wakimaliza ndipo wanakimbia shule, mikono inanuka, hawajala. Wanafika wanakuta foleni ya viboko. Wengine wakishaona foleni kwa mbali wanageuza, wanarudi mwaloni. Hao ndio unaowasema wewe, wa kokoro.

Nilimpelekea mwalimu mkuu lile daftari. Hakuamini mpaka nilipoweka kalenda pembeni. Tukaenda na mwenyekiti wa kijiji kuongea na wenye mitumbwi na wazazi. Wengine walitufukuza. Wengine walikubali watoto waachiwe kabla ya saa moja, kazi ya kuanika wabaki watu wazima. Na sisi tulikubaliana kwamba katika kipindi cha giza anayechelewa anaingia darasani moja kwa moja, anabaki baada ya vipindi kumalizia alichokosa. Hachapwi.

Utoro haujaisha. Ila wapo wavulana watano wa darasa la sita ambao nilikuwa nimeshawatoa akilini, na wamefika la saba.

Darasani kwangu bado wamezidi mia, hilo sijalipatia dawa. Makelele yapo.

---

Mama Wawili Nyegezi

Mwalimu, ubarikiwe. Daftari moja na kalenda!

Mimi Jumamosi ijayo tuna kikao cha wazazi. Nimeamua kuomba mambo mawili mbele ya kamati ya shule, kwa heshima, bila ugomvi: tuonyeshwe kitabu cha adhabu, na fimbo za majaribio ya Alhamisi zisimame. Nikisimama peke yangu nitaambiwa nadekeza mtoto. Mzawa wa Kirumba, kama na wewe ni mzazi wa wilaya hii ya Nyamagana, nitumie ujumbe pembeni nijue shule. Tukiwa wazazi wanne au watano wa shule moja tutasikilizwa.

---

Mzawa wa Kirumba

Niko Ilemela, mama, shule ni nyingine. Lakini kikao chetu ni mwezi huu huu. Naandika ombi hilohilo leo usiku, na Jumatatu namtafuta baba wa yule wa darasa la saba aliyejibu vibaya. Kwenye kundi tumemjadili mtoto wake siku nne, na hakuna aliyempigia simu kumuuliza nyumbani kuna nini.